Kwa Nini Mwalimu Afasiri kwa Siri?

Wenzetu wanachama, twaomba nafasi kidogo tuseme neno juu ya watoto wetu wanaoingia kidato cha kwanza. Mambo ya mishahara na likizo tumeyasema mara nyingi, na tutayasema tena. Leo tuyaweke kando.

Nyumbani kwetu yuko binti wa ndugu yetu, ambaye alipomaliza darasa la saba alisifiwa na walimu wake kwa sayansi. Aliweza kukueleza usanisinuru huku akikuonyesha jani la mwembe, hata ukaona haya kwamba wewe mtu mzima umesahau. Mwezi wa tatu wa kidato cha kwanza tulilifungua daftari lake la fizikia. Mwandiko mzuri, nukta na mkato mahali pake, wala hapana kosa katika maneno ya Kiingereza. Tukamwuliza maana ya mstari wa kwanza. Akatazama chini. Mstari ule ulikuwa fasili ya kanieneo. Basi tukamwuliza kwa Kiswahili: kwa nini kisu kikali hukata nyama, na kisu butu hakikati, hali mkono unaosukuma ni ule ule? Akafikiri kitambo, akajibu kwamba makali ni membamba, kwa hiyo nguvu yote hukusanyika mahali padogo. Kumbe jambo lenyewe alilijua!

Sisi makarani tusimcheke, maana kazi ya kunakili tusichokielewa twaijua. Tulisoma katika shule ya misheni ambako aliyesikika akisema Kiswahili alivikwa kibao shingoni, akakaa nacho mpaka amnase mwenzake. Tulitoka na Kiingereza cha kutosha kupiga chapa barua, hilo hatukani, na walimu wetu twawashukuru. Walakini maswali mengi hatukuyauliza, si kwa kuwa hatukuwa nayo, bali kwa kuwa hatukuweza kuyatunga.

Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Serikali hapa Tanzania, na sekondari hufundisha kwa Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Bwana Jackson Makweta, ilishauri kwamba sekondari nazo zianze kutumia Kiswahili mwaka 1985. Shauri hilo halikufuatwa. Hatuandiki ili kuufufua ubishi ule mkubwa. Neno letu ni dogo: maadamu vitabu na mitihani ni kwa Kiingereza, mwalimu apewe ruhusa ya wazi kufasiri kwa Kiswahili.

Kila aliyepita nje ya dirisha la darasa ajua kwamba walimu wengi hufanya hivyo tayari. Wafanyeje? Lakini hufanya kwa kuiba, na akitokea mkaguzi mlangoni hurudi mbio katika Kiingereza. Jambo lifanywalo kwa kuiba halifanywi vizuri. Istilahi hazitajwi, ingawa zipo. TUKI ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Mwalimu mwenye ruhusa angeanza na kisu, akalitaja neno kanieneo, akaandika la Kiingereza kando yake ubaoni, akawaacha watoto wabishane kwa Kiswahili. Ndipo waisome fasili ya kitabu na kujibu kwa Kiingereza. Hata yule mtoto wa Usukuma, aliyekutana na Kiswahili shuleni, anacho karibu zaidi kuliko Kiingereza.

Wazazi wengine husema Kiingereza kitadhoofika. Hofu yao si ya upuuzi, maana wajua kazi zatafutwaje. Na watazame Nigeria: mwaka 1970, pale Ife, Profesa Babs Fafunwa na wenzake walianza kuwafundisha watoto wa shule ya msingi kwa Kiyoruba muda wa miaka 6, Kiingereza kikiwa somo lenye mwalimu wake maalumu. Watoto wale hawakubaki nyuma ya wenzao, hata katika Kiingereza.

Nasi watumishi tuna haja yetu katika hili. Mzee mmoja alifika ofisini na cheti cha kupimiwa udongo wa shamba lake. Mtaalamu, kijana mpole, alijitahidi sana kumweleza, lakini kila neno lenye uzito lilimtoka kwa Kiingereza, kwani ndivyo alivyofundishwa. Mzee aliitikia kwa heshima mpaka mwisho. Kisha akaja mezani petu akauliza polepole, "Mwanangu, amesema niweke chokaa au nisiweke?" Hatukujua. Ilitubidi tuinuke tukaulize.

Twaomba matawi yaliweke shauri hili katika mikutano yao, na wenzetu walio walimu watuandikie yale wanayoyafanya darasani mlango ukiisha kufungwa. Majina yao hatutayachapa.