Mtutu Uliochoka Hautibiwi kwa Kupanuliwa

Kuna ushauri ambao nimeusikia mara nyingi kutoka kwa mafundi na kwa wawindaji wenzangu, nao hutolewa kwa sauti ya mtu anayekuokolea fedha zako: usitupe mtutu wa zamani, upanue chemba yake, upige risasi iliyo kubwa zaidi, nao utarudi kuwa mpya. Ushauri huo naupinga. Siupingi kwa sababu hauwezekani. Unawezekana, na fundi mwenye mkono mzuri huufanya vizuri. Naupinga kwa sababu mara nyingi huacha ugonjwa pale pale ulipo, na kwa sababu ulimharibia ndugu yangu jicho.

Ndugu msomaji usiyejua bunduki, niruhusu nieleze kidogo. Chemba ni kile chumba cha nyuma ya mtutu ambamo risasi hulala kabla ya kupigwa. Mbele yake kuna koo, mahali ambapo kichwa cha risasi huanza kushikwa na mifereji iliyozungushwa ndani ya chuma ili kizunguke kama pia. Baruti inapowaka, moto na msukumo wote hupita kwanza hapo kooni. Kwa hiyo koo ndilo huanza kufa. Chuma hupata nyufa ndogo ndogo kama tope lililokauka, kisha kingo za mifereji hulika kwenda mbele, na huku nusu ya mbele ya mtutu ingali nzuri kabisa. Hapo ndipo wazo la kupanua linapozaliwa: ikiwa koo limeoza, tulikate kwa chemba ndefu zaidi. Likisemwa hivyo, nani atalikataa?

Baba yangu mdogo hakulikataa. Alikuwa na Brno ya kaliba 7x57, bunduki yenye leseni halali, aliyoitumia kwa nguruwe waliokuwa wakimaliza mihogo yetu huko Liwale. Ilipoanza kukosa shabaha, fundi mmoja alimpanulia chemba ikawa ya 7x64. Kazi yenyewe si ya ajabu. Risasi hizo mbili zina kichwa cha unene ule ule na kitako cha ganda kinachokaribiana sana, tofauti kubwa ni ganda moja kuwa na urefu wa milimita 57 na jingine 64. Baba mdogo alijua alichokuwa nacho na alinunua risasi zilizostahili. Lakini fundi hakugusa maandishi yaliyopigwa mhuri juu ya mtutu, wala leseni haikubadilishwa. Chuma kiliendelea kusema 7x57.

Chuma kinachosema uongo hakina haraka. Baba mdogo alifariki, na mwanawe akairithi bunduki kwa taratibu zote za polisi. Mwaka 1996 alikwenda kununua risasi, akasoma mtutu, akasoma leseni, akanunua kilichoandikwa. Nani angemlaumu? Risasi fupi ikaingia katika chemba ndefu, ikashikwa na kucha ya bolti, ikapigwa. Ganda lilichanika na moto ukarudi nyuma usoni. Tulipolitoa ganda lile baadaye, bega lake lilikuwa limesukumwa mbele hata likawa na umbo la risasi nyingine kabisa, kama mtu aliyelazimishwa kuvaa koti la kaka yake. Jicho lake la kulia halikupona vizuri.

Nilipomfuata fundi yule alinijibu kwa upole kwamba kazi yake ilikuwa nzuri na kosa lilikuwa la kukosa mhuri. Ni kweli. Lakini ndivyo ilivyo kwa kila bunduki iliyogeuzwa: usalama wake unakaa katika kumbukumbu ya mtu mmoja, na mtu hufa.

Miaka mingi baadaye zamu ikawa yangu. Bunduki yangu ni ya .30-06, niliinunua ikiwa imekwisha kutumika, na nikaitumia zaidi. Risasi tano ambazo kwa hatua 100 zilikuwa zikikaa ndani ya kiganja zikaanza kutapakaa upana wa sahani ya wali. Nikaipeleka kwa fundi jijini Dar es Salaam. Akachukua risasi, akaingiza ncha yake katika mdomo wa mtutu, ikazama zaidi kuliko alivyopenda, akatikisa kichwa. "Mzee wangu, mtutu umekwisha. Lakini usijali, hapa tunaweka chemba ya .300 Winchester Magnum."

Kipimo kile hupima mdomo tu, na pengine kinaonyesha kwamba mwenye bunduki amekuwa akiisafisha kwa kamba au fimbo kutoka mbele. Juu ya koo hakisemi lolote. Tena hakuwa ameusafisha mtutu kwanza. Shaba ya risasi huganda ndani, na mitutu mingi imehukumiwa kufa kwa kosa la uchafu.

Nikarudi nyumbani nikapiga hesabu. Ganda la .30-06 lina urefu wa milimita 63.3, la .300 Winchester Magnum lina 66.5. Mdomo wa chemba mpya ungesogea mbele milimita 3 na kidogo tu. Nilipopata fundi mwingine mwenye kamera ndogo ya kuingiza mtutuni, tukaona chuma kimechakaa sentimita kadhaa kutoka kooni. Milimita 3 zingefanya nini hapo? Zaidi ya hayo, kitako cha ganda la .30-06 kina upana wa milimita 12, na cha magnum 13.5. Uso wa bolti ungehitaji kuchongwa, kucha ibadilishwe, na magazini irekebishwe. Na mtutu ule uliochoka ungepewa baruti ya ziada, karibu robo zaidi, ipite katika koo lile lile lililokwisha kuungua. Je, hiyo ndiyo nafuu?

Najua watetezi wa kupanua watanikumbusha jeshi la Marekani. Mwaka 1906 lilipoleta risasi mpya yenye shingo fupi kuliko ile ya 1903, mitutu iliyokwisha kutengenezwa ilikatwa kwa nyuma karibu milimita 5, ikachongwa nyuzi upya na kuwekewa chemba mpya. Mfano mzuri, ila mitutu ile ilikuwa karibu mipya, na kazi ilifanyika kiwandani kwa vipimo, si kwa kukisia. Waingereza walipotaka Lee-Enfield zao za .303 zipige 7.62 ya NATO, walifunga mitutu mipya, kwa kuwa tundu la .303 ni pana zaidi na hakuna chemba itakayolirudisha tundu kuwa jembamba.

Sisemi kila mtutu utupwe. Ikiwa kasoro iko karibu na koo na chuma cha nyuma kingali kinene, ukatwe kwa nyuma na uchongewe chemba ya risasi ile ile, kisha upimwe kwa geji. Kwa .30-06, kati ya geji inayotakiwa kuingia na ile isiyotakiwa kuingia kuna milimita 0.15 tu, unene wa karatasi mbili, na fundi asiye nazo asiguse bunduki ya mtu. Vilengeo vya juu huenda visikae wima tena, hilo lirekebishwe. Lakini kaliba ibaki ile iliyo kwenye leseni na kwenye chuma. Kasoro ikifika mbali, badilisha mtutu.

Na tuseme kweli: wengi wetu hatutafuti kuokoa mtutu. Tunatafuta kisingizio cha kumiliki risasi kubwa. Mimi mwenyewe, fundi alipotamka neno magnum, moyo uliruka.

Mtutu mpya ulinigharimu fedha za korosho za msimu mzima, pamoja na kusubiri vibali. Mama watoto alinyamaza siku mbili. Fundi wa kwanza tunasalimiana, na kila tukikutana huniuliza kama sijutii fedha zangu. Ndugu yangu yeye alipokuja kuiona, hakuuliza bei. Aliigeuza kuelekea mwangani na kuisogeza upande wa jicho la kushoto, akasoma mhuri, kisha akaniomba kitabu cha leseni asome na hicho.