Mabega ya Watoto Yaongezewe Kazi Taratibu
Mtoto wa Kibera au Kawangware, mitaa ya Nairobi, hupata bwawa la kuogelea kwa nadra, na kocha hutamani kumaliza mazoezi ya wiki nzima kwa siku moja. Hapo ndipo bega huumia, kwa sababu kano zake husuguliwa mfululizo kabla hazijazoea. Anayeogelea mita 1,000 aongezewe 100 wiki ijayo, asirukishwe hadi 2,000. Abadilishe mitindo ya kuogelea, na bega likiuma apumzike. Kocha ahesabu pia mitungi ya maji aliyobeba mtoto asubuhi, maana bega ni lile lile. Muogeleaji wa Kenya Jason Dunford aliifikia fainali ya kipepeo mita 100 katika Olimpiki ya Beijing 2008 baada ya miaka ya mazoezi. Watoto wetu nao wanastahili subira hiyo.