Mvumo Usigharimu Roho

Wapo mafundi wa studio wanaojisifu kwamba wameuponya mvumo wa spika kwa kukata waya wa ardhi ndani ya plagi. Mimi nasema hawakuponya kitu. Wameyatoa maradhi masikioni wakayapeleka mikononi.

Tuulizane kwanza, mvumo ule mzito hutoka wapi? Umeme wetu wa volti 230 huzunguka mara 50 kwa sekunde. Mashine ya kuchanganyia sauti ikichomekwa ukuta huu, na spika zenye amplifaya ndani yake zikichomekwa ukuta ule, ardhi za pande hizo mbili huwa hazilingani barabara. Ukiziunga kwa waya wa sauti wa nyuzi mbili, mkondo mdogo hupita humo, nao ndio unaonguruma. Basi kosa limo katika njia ya sauti, na dawa itafutwe humo humo.

Dawa yenyewe ni waya wa nyuzi tatu wenye kiunganishi cha XLR. Pini ya 1 ni ya utando wa kinga. Ya 2 na ya 3 hubeba sauti ile ile, moja ikiwa kinyume cha mwenzake. Mvumo ukiingia, huziingia zote mbili sawasawa. Spika huchukua tofauti yao tu, na mvumo hufutika. Kama mashine yako haina tundu la namna hiyo, weka transfoma ndogo ya kutenganisha baina yake na spika. Na vyombo vyote vipate umeme katika soketi moja.

Watanijibu kwamba transfoma ni ya kununua na mkasi ni wa bure. Bure hiyo ni ghali mno! Waya wa ardhi uliwekwa ili siku waya wa moto utakapogusa bati la spika, umeme ukimbilie ardhini na fyuzi ikatike. Ukiukata, njia inayobaki ni mwili wa atakayeshika. Mwaka 1972, mpiga gitaa Leslie Harvey alikufa jukwaani mjini Swansea, Wales, alipogusa maikrofoni isiyokuwa na ardhi huku akishika nyuzi za gitaa lake.

Na atakayeshika huenda asiwe fundi mwenyewe, bali kijana aliyekuja kurekodi wimbo wake wa kwanza, au mfagiaji mwenye kitambaa kibichi. Nani aliwauliza hao kama wamekubali? Aliyeukata waya huo aurudishe leo, kabla hajawasha mtambo tena.