Tope la Ziwa Victoria lafuta mpaka kati ya furu

Kudhibiti tope katika Ziwa Victoria si suala la maji safi pekee. Ni suala la kuendelea kuwapo kwa aina za samaki. Ushahidi ni furu aina ya Pundamilia nyererei, waliopewa jina la Baba wa Taifa, Mwalimu Julius Nyerere.

Katika Kisiwa cha Makobe, ambako maji ni maangavu, madume wa aina hiyo ni wekundu na huishi kwenye kina kirefu zaidi. Madume wa ndugu zao, Pundamilia pundamilia, wana rangi ya buluu na hukaa karibu na uso wa maji. Majike huchagua kwa rangi, hivyo aina hizo hazichanganyiki.

Katika Kisiwa cha Luanso, Ghuba ya Mwanza, maji ni ya tope na rangi hazionekani vyema. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 katika jarida la Nature uliwakuta furu wa huko wamechanganyika kinasaba.

Kwa wakazi wa Kharumwa wilayani Nyang'hwale, na ukanda wa dhahabu wa Geita kwa jumla, funzo ni hili: ardhi iliyoachwa wazi kwa ukataji miti, kilimo au uchimbaji hupoteza udongo kila mvua inyeshapo, na mito huufikisha ziwani. Ndiyo maana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni.