Mkulima wa Chai Aruhusiwe Kuchungulia Ndani ya Mizani

Mkulima mdogo wa Litein, Momul au Mogogosiek hufika katika kituo cha kununulia majani chai akiwa na mzigo wake mgongoni, akapanga foleni, akautundika kwenye mizani, kisha akangoja karani amsomee tarakimu na kumkabidhi risiti. Zamani mizani ilikuwa ya mshale, na kila mwenye macho aliweza kuuona mshale ukitua. Siku hizi mizani ni ya kielektroniki, huwasiliana na kijikompyuta kilicho mkononi mwa karani, na hesabu husafirishwa hadi kiwandani kwa mtandao wa simu. Mshale umeondoka. Mahali pake pamekaliwa na programu, na mkulima hajui programu hiyo iliandikwa na nani wala inafuata kanuni gani.

Hatusemi kwamba mtu anaibiwa. Yafaa ikumbukwe kwamba mizani hizo zililetwa ili kuzuia ule udanganyifu wa kalamu uliowatesa wakulima kwa miaka mingi. Hata hivyo malalamiko ya kilo zinazopotea hayajakoma, na shirika la KTDA, linalosimamia viwanda vya wakulima wadogo zaidi ya 600,000, limeyasikia mara nyingi. Afisa wa serikali anayekagua mizani huja na mawe yake yaliyoidhinishwa, akapima, akatia muhuri. Lakini jiwe halisemi ni nini huzipata tarakimu zikishatoka kwenye mizani: desimali husawazishwa kwenda juu au chini, mfuko hukatiwa uzito gani, na ni nani awezaye kurekebisha hesabu kabla haijafika kiwandani. Katika mambo hayo mkulima ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kwa nini basi tunaitaja leo Android, mfumo ambao watu wengi huufahamu kama kitu cha simu tu? Kwa sababu huo ndio mfumo ulio mfukoni mwa karibu kila kijana wa Bomet na Kericho, na sehemu yake kubwa ni huria. Tangu mwaka 2008 kampuni ya Google imekuwa ikiutoa msimbo wake hadharani, na kiini chake ni Linux, kazi iliyoanzishwa mwaka 1991 na mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds. Mtu yeyote anaweza kuuchukua msimbo huo, kuusoma, kuubadilisha, kuujenga upya na kuupakia kwenye chombo chake. Mafundi wa simu katika vibanda vya mjini Kericho hukiita kitendo hicho cha mwisho kuflashi, nao hukifanya kila siku. Wanachopakia, hata hivyo, ni mfumo uliojengwa na wengine. Wanaujua mlango; nyumbani hawajaingia.

Chombo cha kujifunzia kipo, nacho si ghali kama kompyuta ya kawaida. Ni kompyuta ya bodi moja, isiyozidi sana kadi ya benki kwa ukubwa, kama ile Raspberry Pi iliyoanza kuuzwa nchini Uingereza mwaka 2012. Watengenezaji wake hawaitolei Android, lakini wapenzi wa kazi hiyo wameifikisha kwenye bodi ya nne na ya tano kwa kujitolea. Mfumo huandikwa kwenye memori kadi, kadi ikachomekwa, bodi ikawashwa. Ukiharibika, kadi hufutwa na kuandikwa upya. Mwanafunzi anaweza kukosea mara 20 bila kuharibu simu ya mtu, na tunaamini hakuna shule iliyo bora kuliko hiyo.

Ugumu uko katika kujenga. Google yenyewe hushauri kompyuta yenye memori ya gigabaiti 64 na nafasi ya gigabaiti 400 kwenye diski, na husema kwamba hata mashine ya namna hiyo yenye viini sita huchukua muda wa saa sita hivi kuukamilisha mfumo mzima. Kijana anayenunua bando la siku hawezi kuupakua msimbo wa ukubwa huo, wala hapaswi kuulizwa kwa nini hakuweza. Lakini chuo kinaweza. Mashine moja katika Chuo Kikuu cha Kabianga, na nyingine katika chuo kimoja cha kiufundi upande wa Bomet, zingetosha kwa kuanzia: msimbo upakuliwe mara moja, ujengwe usiku, na asubuhi matokeo yagawiwe kwa memori kadi. Serikali za kaunti hizi mbili zimewahi kugharimia mambo yenye faida ndogo kuliko hiyo.

Wapo watakaodai kwamba kumfungulia mtu msimbo ni kumkabidhi mwizi ufunguo. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, kwani ajuaye kuflashi chombo anaweza kukiflashi kwa nia mbaya pia. Hata hivyo kusoma si kubadilisha. Android ina utaratibu wa kukagua sahihi ya mfumo kila chombo kinapowashwa, na mfumo uliochezewa hugunduliwa ikiwa utaratibu huo umetumika ipasavyo. Bodi ya darasani haina kinga kamili ya namna hiyo, na hatupendekezi ipelekwe kwenye kituo cha chai. Tunapendekeza atoke darasani mtu anayeweza kutumwa na wakulima akaketi na mwenye mizani, akauliza sahihi ni ya nani, na akayaelewa majibu.

Sheria nayo humpa mtu huyo pa kushika. Kiini cha Linux kimetolewa kwa leseni inayomlazimu kila anayekisambaza ndani ya chombo kumpatia aliyekipokea msimbo wa kiini hicho. Leseni ya sehemu nyingi zilizobaki za Android haina sharti hilo, na programu ya kupimia inaweza kufichwa kabisa. Ndiyo sababu sharti la uwazi haliwezi kuachiwa leseni. Halina budi kuandikwa katika mkataba wa ununuzi. Viwanda ni mali ya wakulima wenyewe kwa hisa, nao ndio wawachaguao wakurugenzi. Mwenye kununua ana haki ya kutaja masharti kabla ya kulipa.

Haraka yetu ina sababu. Mwezi Mei mwaka 2023 mashine za kuchumia chai ziliteketezwa katika mashamba makubwa ya Kericho, na damu ikamwagika. Walioziwasha moto waliziona kama adui aliyeshuka kutoka mbinguni, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwafundisha hata namna ya kuzikarabati. Hatuungi mkono uchomaji wa mali. Lakini mashine hazitarudi zilikotoka, na nyingine zaja. Wanaozifungua na kuzirekebisha wakiwa wageni daima, mwenyeji atabaki na kazi ya kuzisukuma, hadi nayo ikome.

Wakati wenyewe haungoji. Mwezi Machi mwaka 2025 Google ilitangaza kwamba kazi ya kuuandika mfumo huo itafanyika faraghani, na msimbo kutolewa toleo linapokamilika. Bado hutolewa, lakini dirisha limepungua upana.

Wakurugenzi wa viwanda vya Kapkoros, Tegat na vinginevyo hukutana na wakulima katika mikutano ya kila mwaka. Katika mkutano ujao, pindi bei ya kilo na bonasi zikishajadiliwa, mwenye hisa mmoja na asimame aulize mkataba wa mizani unaisha lini, na iwapo wa pili utakuwa na kifungu cha kukagua msimbo. Jibu liandikwe katika kumbukumbu za mkutano.