Saa ya Alfajiri Ina Wenyewe

KUSINI KWETU
Na Rehema Mchopa

Karibu kila anayemshauri mfanyakazi mwenye watoto kuhusu mazoezi husema lile lile: amka saa kumi na moja alfajiri, umalize kabla nyumba haijaamka. Huenda ushauri huo unafaa mahali fulani. Nyumba za Masasi na Newala, kusini mwa Tanzania, saa hiyo zimeshaamka. Moto umekokwa, uji uko jikoni, mtoto anatafutiwa soksi ya pili, na bomba lisipotoa maji mtu ameshatoka na ndoo kuwahi foleni. Anayefunga kamba za raba na kuondoka wakati huo hajaokota saa ya bure. Kazi yake ameiacha mikononi mwa mwenzake, na mara nyingi mwenzake huyo ni mke. Ninaamini mwalimu wa Newala au muuguzi wa Masasi mwenye familia anaweza kabisa kujiandaa kwa triathloni, yaani kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia mfululizo bila kupumzika, au kwa mchezo ulio ndugu yake. Ila saa za mazoezi zihesabiwe nyumbani kwanza, na zikihesabiwa kwa haki, mpango wote wa mazoezi hubadilika.

Tuanze na maji, maana huku ndiyo yanayopanga siku ya watu. Mvua inayonyesha juu ya uwanda wa Makonde, ilipo Newala, huzama mchangani. Mito haipo juu, maji yako mabondeni. Mradi wa maji wa Makonde huyasukuma kutoka Mitema na kuyapandisha juu, na kabla ya mabomba wanawake walishuka ukingo wa uwanda na kuupanda tena, ndoo kichwani. Foleni na masafa hayo hayajaisha kwa kila nyumba. Itazame baiskeli ya kazi ya Newala kwa karibu: keria imeongezewa nondo, vipande vya tyubu iliyochakaa vimefungwa kubana madumu ya lita 20, na stendi imechomelewa upya ili ibebe uzito bila kulala. Kwa nyumba nyingi baiskeli hiyo ndiyo bomba. Baba akiichukua Jumamosi kwa saa tatu za mazoezi, amechukua pia maji ya kufulia sare za shule. Kwa hiyo swali la kwanza la mwanamichezo wa huku linahusu zamu ya baiskeli, kabla hata hajafikiria mwendo wake barabarani.

Swali la pili ni umbali. Triathloni iliyoingia Olimpiki mwaka 2000 kule Sydney ni mita 1,500 za kuogelea, kilomita 40 za baiskeli na kilomita 10 za kukimbia. Mashindano ya Ironman yaliyoanza Hawaii mwaka 1978 huanza na kilomita 3.8 majini, 180 kwenye baiskeli, kisha marathoni kamili. Hapa Afrika Mashariki, tangu 2022 Rubavu nchini Rwanda, kando ya Ziwa Kivu, imekuwa na Ironman ya nusu: kilomita 1.9, 90 na 21.1. Ni jambo la kujivunia kwa ukanda wetu, na naelewa kwa nini kijana wa Masasi akiona picha za Rubavu anataka kuwamo. Lakini maandalizi ya umbali huo hula mwisho wa wiki wote, miezi kadhaa mfululizo, na mtu mwenye watoto watatu na mshahara mmoja hana mwisho wa wiki wa kula peke yake. Umbali mfupi unaotambuliwa rasmi, wa mita 750, kilomita 20 na kilomita 5, mtu mwenye afya anaweza kuumaliza kwa heshima akifanya mazoezi saa tano hivi kwa wiki. Saa tano nyumba inaweza kuzipanga. Saa kumi na mbili zitakuwa deni.

Kuogelea ndiko kunakobaki kuwa kizuizi cha kweli. Ruvuma ina mamba na viboko, na sitaki mtu yeyote asome safu hii kisha akajaribu mto huo. Bahari iko Mikindani, zaidi ya kilomita mia moja kutoka Newala. Uwandani, maji yakitosha kujaza bwawa, yana kazi ya haraka zaidi ya kufanya. Ndiyo maana nautetea ule mchezo ndugu, duathloni: kilomita 5 za kukimbia, 20 za baiskeli, kisha 2.5 za kukimbia tena. Wapo watakaosema huo ni mchezo wa waliokosa. Hawajautazama vizuri. Unasimamiwa na shirikisho lile lile la dunia linalosimamia triathloni, na kwa miguu zile kilomita mbili na nusu za mwisho ni adhabu tosha, kwa kuwa misuli iliyotoka kukanyaga pedali hukataa kukimbia kama ilivyozoea. Anayetaka kuongeza kuogelea na ajifunze kwa mwalimu wakati wa likizo, pwani, akiwa na mtu wa kumwangalia.

Sasa turudi kwenye saa. Ofisi za serikali hufunguliwa saa 1:30 asubuhi na kufungwa saa 9:30 alasiri. Jua la huku huzama baada ya saa 12 jioni, tofauti ya miezi ikiwa chini ya saa moja. Kati ya kufunga ofisi na giza kuna angalau saa mbili na nusu za mwanga, na humo ndimo mazoezi yanamopaswa kukaa. Najua jioni nayo ina kazi zake: kuni, chakula, kazi za shule za watoto. Tofauti ni kwamba kazi za jioni zinasogezeka. Ugali unaweza kuchelewa nusu saa bila mtu kuadhibiwa, lakini kengele ya shule haimsubiri mtoto ambaye baba yake bado yuko barabarani. Anayetoka alfajiri huchukua dakika zisizo na nafasi ya kupumua. Anayetoka saa kumi na nusu jioni huchukua dakika ambazo nyumba inaweza kuzifidia.

Ipo pia sababu ya mapafu. Katika miezi ya kupulizia mikorosho, salfa ya unga hupulizwa alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani na upepo haujaanza. Mkimbiaji anayepita kati ya mashamba saa hiyo, akivuta pumzi kwa nguvu, anavuta na vumbi la salfa. Linachoma macho na koo la mtu aliyesimama tu, sembuse anayehema. Wanaopinga mazoezi ya jioni hutaja joto, na kwa Masasi, iliyo chini ya uwanda, Oktoba na Novemba wana haki. Basi waanze saa kumi na moja jioni, wapunguze muda, wabebe maji.

Miezi hiyo hiyo ndiyo ya korosho, na hapa mipango ya kuazima kutoka nchi nyingine huvunjika. Mtumishi wa Masasi au Newala mara nyingi ana shamba, lake au la wazazi. Korosho zikianza kudondoka kuna kuokota, kutenganisha na mabibo, kuanika, kupeleka kwenye chama cha msingi na kusubiri mnada. Wengi huacha mazoezi kabisa Oktoba, kisha Januari huanza upya kwa hasira na kuumia goti. Hakuna haja. Miaka ya 1980 mtafiti wa Marekani Robert Hickson na wenzake waliwafanyisha watu mazoezi ya baiskeli na kukimbia dakika 40 kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa wiki kumi, kisha wakawapunguzia kwa wiki 15. Waliopunguziwa hadi siku mbili tu kwa wiki walibaki na uwezo wao wa kutumia oksijeni. Waliobaki na siku sita lakini wakapunguziwa hadi dakika 13 kwa siku waliubakiza pia, ingawa ustahimilivu wao katika kazi ndefu ulishuka kiasi. Uwezo huo ulishuka kwa waliopunguziwa makali ya mazoezi yenyewe. Wiki 15 zinatosha kufunika msimu wa korosho kuanzia tunda la kwanza hadi malipo. Kwa hiyo Oktoba ikifika, punguza siku hadi mbili, lakini siku hizo mbili zisiwe za kutembeza miguu.

Kuna wanaouliza kwa nini tuhimize mazoezi mahali ambapo watu wanalima. Swali ni la haki kwa anayeshinda na jembe; mwili wake umeshafanya kazi na anachohitaji ni kupumzika. Safu hii haimhusu yeye. Inamhusu karani, mwalimu, askari wa zamu, mwenye duka na dereva wa bodaboda, watu wanaoketi mchana kutwa na ambao hospitali zetu zinawaona wakija na presha na kisukari. Shirika la Afya Duniani humtaka mtu mzima afanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na saa tano za duathloni ni maradufu ya hizo. Wengine hunitajia Juma Ikangaa, aliyeshinda New York mwaka 1989, na Alphonce Simbu, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa marathoni Tokyo mwaka 2025, kwamba bila mazoezi marefu ya asubuhi hakuna bingwa. Hao ni wanajeshi, na mwajiri wao alihesabu kukimbia kuwa sehemu ya kazi. Saa zao zilikuwa zimeshalipiwa. Za mwalimu wa Newala zinalipiwa na familia yake.

Ndiyo maana nasisitiza kanuni ambayo baadhi ya wasomaji wanaume hawataipenda: saa kwa saa. Mume akichukua saa tano kwa wiki, mke apate tano zake kamili, na yeye ndiye aamue atazitumiaje, akimbie, aende kwaya, au alale. Kusema kwamba mke hajalalamika hakutoshi, kwa kuwa mwanamke aliyelelewa kuona alfajiri ni zamu yake hatalalamika kwa jambo analodhani ni la kawaida. Kanuni hii pia ndiyo itakayowaingiza wanawake mchezoni. Sijashawishika kwamba hawapendi. Ninachokiona ni kwamba mwisho wa siku hawajabakiwa na saa.

Halmashauri nazo zina la kufanya. Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya taifa dhidi ya magonjwa yasiyoambukiza, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kuwa ya mazoezi. Zoezi hilo huwekwa asubuhi, watumishi wakakutana kwa mchakamchaka huku wake zao wakibaki na foleni ya maji. Liwekwe saa kumi jioni. Kisha Jumamosi ya pili ya Agosti, kabla ya korosho kudondoka, Masasi na Newala zishirikiane kuandaa duathloni moja ya umbali mfupi, yenye kundi la wanawake na kundi la baiskeli za kawaida zenye keria, ili asiye na baiskeli ya mashindano asibaki mtazamaji. Wanamichezo wanaopelekwa SHIMISEMITA, michezo ya watumishi wa serikali za mitaa, wanaweza kuwa wa kwanza kujiandikisha. Njia ibaki juu ya uwanda, upande wa Newala, kwa mizunguko ya kilomita tano, isiteremke ukingoni kuelekea Masasi, kwa sababu breki za baiskeli nyingi za maji zimelika, na fundi awepo mwanzoni kuzikagua moja moja.