Montaji si dhambi, kuficha ndiyo dhambi

Butembo – Katika simu za wakaaji wa Butembo na Beni, picha ya vita hufika mara nyingi mbele ya habari yenyewe. Nyumba zinawaka, maiti ziko kando ya barabara, na chini kumeandikwa jina la kijiji kinachojulikana. Kumbe nyumba ni za nchi nyingine, maiti ni za mwaka mwingine, na kijiji kimelala salama. Mama aliyekwisha kukimbia mara mbili hangoji uhakikisho. Anafunga mizigo, anabeba watoto, anaanza njia usiku.

Kwa hiyo wengine wanasema montaji, yaani picha ya kuunganisha, ikatazwe kabisa. Hapo wanakosea.

Ufundi huu haukuanza na simu. Mwaka wa 1857, Oscar Rejlander, Mswidi aliyefanya kazi Uingereza, aliunganisha negatifu zaidi ya 30 akatoa picha moja. Mafundi waliomfuata walifanya kazi hiyo katika chumba cha giza, chini ya taa nyekundu. Fundi alimulika negatifu ya kwanza huku amefunika sehemu ya karatasi, kisha akamulika ya pili kwenye sehemu iliyobaki. Akikosea kidogo, karatasi inaharibika na anaanza upya. Kule Lamu, pwani ya Kenya, Omar Said Bakor alijulikana kwa picha za namna hiyo, na wateja walizipenda.

Uongo nao ulikuwepo tangu zamani. Nikolai Yezhov, mkuu wa polisi ya siri ya Stalin, aliuawa mwaka wa 1940, halafu akafutwa katika picha ambamo alisimama kando ya mkubwa wake. Photoshop ilipotoka mwaka wa 1990, kazi ya siku nzima ikaanza kuwa kazi ya dakika. Leo kijana anaifanya kwa simu akiwa juu ya pikipiki, anangoja abiria.

Lakini Congo ina mfano mwema. Mwaka wa 2006, Sammy Baloji wa Lubumbashi alichukua picha za zamani za wafanyakazi wa migodi wa wakati wa Wabelgiji, nyeusi na nyeupe, akaziweka juu ya picha za rangi za viwanda vya Gécamines vilivyobomoka. Hakuna anayedanganyika. Kiungo kinaonekana wazi, na hicho kiungo ndicho kinachosema: hawa walijenga, na haya ndiyo yaliyobaki.

Vivyo hivyo, familia iliyokimbia Kanyabayonga Juni 2024, au vijiji vya Beni tangu mauaji ya Oktoba 2014, ikimwomba fotografe aweke marehemu baba pamoja na watoto wake katika picha moja, haitendi kosa. Nyumbani wanajua. Picha hiyo inafariji, haidanganyi mtu.

Tofauti ni hapo tu: je, anayetazama anajua? Mafotografe waandike neno « montaji » juu ya kazi yao na kutunza picha ya kwanza. Wanaosimamia makundi ya WhatsApp waulize kila mara: imepigwa wapi, lini, na nani? Anayepokea apigie simu mtu aliye kijijini kabla ya kutuma mbele. Wakati wa Ebola, kati ya 2018 na 2020, Beni na Butembo ziliona jinsi uvumi ulivyofanya wagonjwa waogope vituo vya matibabu. Somo hilo lililipwa kwa maisha ya watu.

Na kuna hatari moja ambayo wengi hawaifikirii. Kila picha ya uongo inampa muuaji jibu. Siku picha ya kweli ya mauaji itakapotoka, atasema: « Ni montaji tu. » Na watu, kwa kuchoka kudanganywa, watamsadiki. Wahami wa vita wamekwisha kupoteza mashamba na nyumba. Wasipotezewe tena ushuhuda wao.